Asilimia 40 ya Kitu Gani?

Mwaka 2023 Bunge la Kenya liliifanyia marekebisho Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, na ndani yake ikaingia ahadi nono kwa vijiji: mradi wa kaboni wa ardhini, ulio katika ardhi ya umma au ya jamii, uwape wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Mradi usio wa ardhini utoe asilimia 25. Ahadi hiyo ikisomwa kwenye baraza la chifu hupigiwa makofi, na inastahili. Tatizo ni kwamba hesabu yenyewe hufanywa baada ya kuondoa gharama za kuendesha biashara, na maneno hayo manne yana uwezo wa kuila ahadi yote. Tuchukue miradi miwili ya kubuni, kila mmoja umeingiza shilingi milioni 10. Wa kwanza unaandika gharama za milioni 2, wa pili unaandika milioni 7. Kijiji cha kwanza kitapokea milioni 3.2 na cha pili milioni 1.2, na miradi yote miwili itakuwa imetii sheria. Mwanasheria aliyebobea atakueleza kwamba kifungu hicho ni halali na kinawabana wenye mradi. Mhasibu mzuri atakueleza kwamba hesabu zimejumlishwa sawasawa. Anayehitajika pale Gazi, Vanga au Kinango, katika Kaunti ya Kwale, ni mtu wa kuuliza maswali mawili kwa pumzi moja: nani ameruhusiwa na mkataba kuamua kipi ni gharama, na je, tiketi za ndege za washauri zinaingia humo? Mtu huyo hatokei kwa bahati. Hufundishwa, na shahada inayounganisha sheria na biashara ndiyo njia fupi zaidi ya kumpata. Naamini Kwale, kuliko kaunti nyingi za Kenya, ina sababu ya kuwasomesha vijana wake kwa njia hiyo, na ya kutenga sehemu ya fedha zake za basari kwa ajili hiyo.

Huko Australia ni jambo la kawaida mwanafunzi kusoma sheria na biashara pamoja kwa takriban miaka mitano na kuondoka na shahada mbili. Kwetu Kenya njia iliyozoeleka imetenganishwa tangu mlangoni. Anayetaka uwakili husoma sheria miaka minne, kisha huenda Chuo cha Sheria cha Kenya kwa mafunzo ya uwakili, hukaa miezi sita chini ya wakili mzoefu, na hufanya mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria. Katika masomo tisa ya chuo hicho ndimo yanamokuja kwa uzito masomo kama ya miamala ya kibiashara na uendeshaji wa ofisi ya uwakili, tena mwishoni kabisa, mwanafunzi akiwa amekwisha kuzoea kuiona sheria kuwa ni ya mahakamani. Upande wa pili, anayesoma biashara hupewa somo la utangulizi la sheria ya mikataba, akafaulu, akalisahau. Matokeo yake ni kwamba tunao mawakili wasioweza kusoma mizania na mameneja wanaotia saini vifungu wasivyovielewa. Nairobi pengo hilo linazibika kwa pesa, kwa kuwa kampuni kubwa huwaajiri wote wawili na kuwaweka meza moja. Msambweni hakuna chama cha wavuvi wala kamati ya msitu yenye uwezo huo.

Ukitaka kuona jinsi mambo haya mawili yanavyofungamana, nenda Gazi. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza kuuza kaboni mwaka 2013, kutokana na hekta 117 za mikoko ya ghuba hiyo, nao husifiwa duniani kote kuwa mradi wa kwanza wa jamii kufanya biashara hiyo kwa mikoko. Fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni, na sifa hizo ni za haki. Lakini hebu tazama nyaraka zilizo nyuma ya tani moja ya kaboni. Msitu ni wa umma, kwa hiyo jamii inahitaji makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu ili iusimamie pamoja nalo. Kaboni husajiliwa kwa viwango vya Plan Vivo, taasisi yenye makao yake Scotland, na mauzo hushughulikiwa na shirika la hisani lililosajiliwa huko huko Scotland. Bei hutegemea soko la hiari ambamo wanunuzi huvutiwa na jina zuri la mradi sawa na wanavyovutiwa na tani zenyewe. Katika mnyororo huo hakuna pete ambayo ni sheria tupu, wala iliyo biashara tupu. Makubaliano ya msitu ndiyo yanayosema nani ana haki ya kuuza. Bei ndiyo inayosema kama haki hiyo ina thamani. Na sheria mpya ya 2023 imekuja na swali ambalo jibu lake lina uzito wa pesa taslimu, maana mikoko husimama nusu ya siku majini na nusu ya siku nchi kavu, na tofauti kati ya mradi wa ardhini na usio wa ardhini ni tofauti ya asilimia 40 na 25.

Mchanga wa Maumba na Nguluku, huko huko Kwale, unatufundisha somo jingine. Kampuni ya Tiomin ya Canada ilipata leseni ya kuchimba titani mwaka 2004. Mwaka 2010 mradi ukanunuliwa na Base Resources ya Australia, ambayo ilianza kusafirisha madini kupitia Likoni mapema 2014 kwa jina la Base Titanium. Mwaka 2024 Base Resources yenyewe ikanunuliwa na Energy Fuels ya Marekani, na mwisho wa mwaka huo uchimbaji Kwale ukakoma. Mchanga ule ule, wenyeji wale wale, na nchi tatu za wenye mali. Kila mauzo ya namna hiyo yana swali ambalo familia zilizohamishwa mashambani mwao kupisha mgodi zina haki ya kuliuliza: ahadi iliyotolewa na mwenye mali wa kwanza inamfunga wa tatu? Jibu hutegemea kilichouzwa. Hisa za kampuni zikibadilisha mikono, kampuni hubaki ile ile na madeni yake yote. Mali yenyewe ikiuzwa, inabidi kuangalia kipi kilichoandikwa kuhama nayo. Mwanasheria wa kampuni anaijua tofauti hiyo, ila kuyapima madhara yake kunahitaji mtu wa kufungua hesabu za kampuni na kutazama kama kuna fedha zilizotengwa kwa ajili ya kuirudisha ardhi katika hali yake baada ya mgodi kufungwa, au kama ahadi imebaki kuwa maneno ya kurasa za mbele.

Sheria ya Madini ya 2016 iligawa mrabaha kwa uwazi unaopendeza: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Miaka ikapita Kwale ikiwa inadai mgao wake. Katika kipindi hicho kelele zilikuwa nyingi, na nyingi zilikuwa za haki, lakini mgao usiolipwa ni deni, na deni hudaiwa kwa hesabu: tani ngapi zilitoka, ziliuzwa bei gani, mrabaha ulikuwa shilingi ngapi mwaka gani. Kanuni za mwaka 2017 ziliongeza kwamba mkataba wa maendeleo kati ya mgodi na jamii utoe angalau asilimia 1 ya mapato ghafi ya mauzo ya madini. Asilimia 1 inaonekana ndogo ukiilinganisha na ile 40 ya kaboni, na mwanasiasa anayetafuta makofi atasema jamii ya mgodi imedhulumiwa. Huenda imedhulumiwa. Hata hivyo, mapato ghafi ni kitu kinachoonekana kwenye ankara za mauzo na hati za bandarini, kabla mtu hajaanza kuandika gharama. Asilimia ndogo ya kitu kinachopimika inaweza kumlisha mwanakijiji kuliko asilimia kubwa ya kitu kinachopimwa na mlipaji mwenyewe. Tofauti hii haimo katika vitabu vya sheria peke yake wala vya uhasibu peke yake, nami naiona kuwa ndiyo elimu ya thamani kubwa zaidi ambayo kijana wa Kusini mwa Pwani anaweza kurudi nayo nyumbani.

Asidhani mtu kwamba wanaoumia kwa kuvitenga vitu hivi viwili ni wanyonge tu. Mwezi Machi 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba niobiamu na madini adimu katika Kilima cha Mrima, upande wa Lunga Lunga. Agosti mwaka huo huo serikali ikaifuta. Kampuni ikashindwa mahakamani Kenya, kisha yenyewe na wawekezaji wake wakaipeleka nchi mbele ya kituo cha Benki ya Dunia cha kuamua migogoro ya uwekezaji, wakidai fidia ya zaidi ya dola bilioni 2. Oktoba 2018 jopo likaitupa kesi hiyo. Sababu ilikuwa nyepesi ya kushangaza: Mrima ni msitu uliohifadhiwa na ni kaya, yaani msitu mtakatifu, ya Wadigo iliyotangazwa kuwa turathi ya taifa, na leseni ilitolewa bila kibali cha mazingira na ridhaa nyingine ambazo sheria inazidai. Leseni ya namna hiyo ni batili, na kilicho batili hakilipiwi fidia. Watu walikuwa wamekokotoa thamani ya kilima kwa mabilioni kabla ya kuhakikisha kwamba karatasi inayowaruhusu kukigusa ina uhai. Mhitimu wa masomo haya mawili angewaambia mapema, kwa gharama ndogo mno, kwamba kwenye hesabu zao za faida kibali cha mazingira si mhuri wa kuongezwa baadaye. Ndicho msingi wa hesabu nzima.

Ardhi ndiyo habari ndefu kuliko zote, nami nitaigusa kwa juu. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili kumi wa pwani kupeleka madai ya ardhi zao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Wengi hawakudai, na vizazi vyao wakaitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Tukija karibu, Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodi kwa muda usiozidi miaka 99, na kwamba kampuni huhesabiwa raia pale tu inapomilikiwa kikamilifu na raia. Diani, ambako wageni wamenunua na kujenga kwa miongo mingi, kifungu hicho kina maana kubwa ya kibiashara kwa kijana anayeombwa aazime jina lake katika kampuni ya mwenye hoteli: akikubali, je, anajua wajibu wa mkurugenzi, kodi atakazodaiwa, na hatari ya makubaliano ya chini chini kuvunjwa na mahakama? Kuna pia nyumba na viwanja vya familia ambavyo hati zake bado zina jina la babu. Mirathi haijafunguliwa, iwe kwa Kadhi au katika mahakama nyingine, kwa hiyo benki haikopeshi, kwa hiyo nyumba ya wageni haijengwi, kwa hiyo kiwanja huishia kuuzwa kwa bei ya haraka. Tumezoea kusema watu hao hawana mtaji. Mtaji wanao, umefungwa ndani ya mirathi.

Wapo watakaonijibu kwa methali: mshika mbili, moja humponyoka. Hofu hiyo ni ya kweli. Shahada mseto inayookota vipande vya huku na kule humtoa mtu asiyeweza kusimama mahakamani wala kukagua vitabu, na nisingependa kuona chuo chochote kinauza kozi ya namna hiyo kwa jina la kupendeza. Lakini methali hiyo huwahusu wanaoshika vitu viwili vinavyokimbilia pande mbili. Mkataba ni kitu kimoja. Kifungu cha malipo ni sheria kwa umbo na hesabu kwa maudhui, na anayeshika nusu yake tu ndiye anayeponyokwa. Ninachodai ni kwamba masomo yote ya lazima ya sheria yabaki bila kupunguzwa, ili mlango wa uwakili usifungwe, na upande wa biashara ubebe vitu vizito: uhasibu wa fedha, kodi, takwimu, namna ya kuthamini mali na mradi. Masoko na uongozi vinaweza kusubiri.

Pingamizi la gharama ni zito zaidi, hasa Kinango na Lunga Lunga ambako ukame huamua nani anamaliza kidato cha nne. Mwaka mmoja zaidi chuoni ni karo, ni kodi ya chumba, ni mtu mzima asiyechangia nyumbani. Baada ya hapo Chuo cha Sheria hudai karibu laki mbili. Hapa sina budi kukubali kwamba njia ya shahada mbili si ya kila mtu, na kwamba ipo njia ya bei nafuu: kusoma sheria huku ukifanya mitihani ya bodi ya kasneb ya uhasibu au ya ukatibu wa kampuni, hatua kwa hatua, kadiri fedha inavyopatikana. Bodi hiyo imekuwepo tangu 1969 na vyeti vyake vinaheshimika na waajiri. Mhitimu wa njia hiyo hana shahada mbili ukutani, lakini anasoma mkataba na anasoma hesabu. Ufadhili wa kaunti kupitia mpango wa Elimu ni Sasa umekwisha kuonyesha kwamba Kwale inaweza kuwachukua watoto wa maskini na kuwafikisha vyuo vikuu. Kulipia mitihani ya kasneb kwa wanaosoma sheria, na kulipia sheria kwa waliokwisha kupata cheti cha uhasibu cha CPA, kungegharimu sehemu ndogo ya fedha hizo. Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Masharti ya kusomea sheria ni wastani wa C+ katika KCSE na B katika Kiingereza au Kiswahili. Mtoto wa Msambweni aliyelelewa katika Kiswahili ana mlango ulio wazi kwake, na shuleni si kila mwalimu anayemwambia.

Wengine watasema Kwale inahitaji madaktari, walimu na mafundi kabla ya mawakili. Sawa. Siombi mamia, naomba wachache kila mwaka, na kazi yao ni kuhakikisha mrabaha na mgao wa kaboni unaolipia zahanati na madarasa unafika wote.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni la uadilifu. Mtu akishaelimika hivyo, nini kinamzuia kwenda Nairobi, au kukaa upande wa pili wa meza akiandikia kampuni vile vifungu vya kuficha gharama? Hakuna chuo kinachofundisha moyo. Tunaweza kuweka sharti la miaka miwili ya kuitumikia kaunti kwa anayesomeshwa na fedha za umma, na Sheria ya Ofisi ya Mwanasheria wa Kaunti ya mwaka 2020 imetengeneza ofisi ambamo wahitimu hao wanaweza kuwekwa. Lakini mtu wa kulazimishwa hufanya kazi ya kulazimishwa. Kinga yangu ni nyingine: idadi. Kijiji kikiwa na mtu mmoja tu anayeweza kuuelewa mkataba, mtu huyo anakuwa mlango, na mlango mmoja hulindwa au hununuliwa kwa urahisi. Anachosema yeye ndicho kinachoaminika, maana hakuna wa kumpima. Wakiwa kumi katika wadi moja, baadhi mawakili, baadhi wahasibu wa ushirika, mmoja mwalimu wa shule ya upili, yule atakayetaka kuwadanganya jamaa zake atasomewa kifungu kile kile hadharani na binti wa jirani. Kumnunua mmoja ni rahisi. Kuwanunua kumi ambao kila mmoja anaweza kuthibitisha kwa karatasi ni ghali.

Na wanakijiji wasomewe mikataba kwa lugha gani? Mikataba hii huandikwa kwa Kiingereza kigumu, ikajadiliwa Nairobi au ng'ambo, kisha ikafupishwa kwa dakika tano chini ya mwembe. Katiba imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na wazee wengi wa Kusini mwa Pwani hufikiri kwa Kidigo. Chuo chochote kitakachofundisha sheria na biashara kwa ajili ya watu wa huku kiwatahini wanafunzi wake kwa kazi moja ya vitendo: kuuchukua mkataba halisi wa mradi, kuueleza kwa Kiswahili mbele ya wasikilizaji wasiosoma, na kuwaonyesha kwa mfano wa minazi au samaki jinsi malipo yanavyokokotolewa. Asiyeweza kueleza tofauti ya mapato ghafi na mapato halisi kwa mvuvi wa Shimoni hajaielewa.

Muda wa miaka 20 wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unafika ukingoni 2033. Ardhi ya mgodi uliofungwa Maumba na Nguluku nayo inasubiri kuamuliwa itatumiwaje na kwa masharti ya nani. Mwanafunzi anayemaliza kidato cha nne sasa, akienda chuo kikuu miaka minne au mitano na kumaliza Chuo cha Sheria, anaweza kuwa tayari watu wa Gazi watakapoketi kuzungumzia masharti mapya, na kuzipitia hesabu za miaka yote iliyotangulia.